Mbegu Chini ya Mjane

Mkamwana wangu Joyness hajui kutulia. Hata akikaa, mguu mmoja unakuwa umesimama. Anakula amechutama mlangoni, anasali jicho moja liko dirishani, na ukimpa kiti anakishika mgongoni kama mtu anayetaka kukihamisha. Mwanangu Rogasian, ambaye siku hizi anafanya kazi Biharamulo, alipomleta hapa Kirushya nilimwambia mume wangu, Mungu amrehemu, kwamba tumeletewa nyuki ndani. Yeye akacheka, akasema bora nyuki kuliko jiwe.

Mwaka huu sasa, kutotulia kwake kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni majani.

Watu hapa wanayaita majani ya Wiston. Wiston ni bwana mifugo wa kata, kijana mpole wa pikipiki, ndiye aliyeyaleta. Vilima vyetu vimegawanywa vyote. Zamani ng'ombe alijitafutia mwenyewe. Siku hizi ukimfungua tu ameshaingia kwenye maharage ya mtu, na wewe umeshaitwa kwa mtendaji. Kwa hiyo malisho tunayapanda kama tunavyopanda mahindi. Tatizo ni mbegu. Mbegu ya majani yale ni nyepesi kuliko makapi ya ulezi. Ukiimimina kiganjani ukapumua, umeshampandia jirani. Nyingi ni ganda tupu, na ile yenye kitu ndani inatoa kijani chembamba kama uzi. Mvua ya kwanza inakilaza kwenye tope, hakiinuki tena. Joyness alipanda, vikafa. Akapanda tena, vikafa. Mara iliyofuata alimfuata Wiston mpaka ofisini akamuuliza kama ile ni mbegu au ni vumbi.

Wiston hakukasirika. Alimweleza kwamba mahindi na ulezi vimechaguliwa na bibi zetu tangu zamani, suke zito linawekwa darini, jepesi linaliwa. Majani hakuna aliyewahi kuyachagulia. Akamwonyesha namna wanavyofanya kwenye kituo chao. Unafukia mbegu chini kuliko inavyotaka, kidole kizima. Dhaifu zinafia huko huko. Zikitoka zenye nguvu unazilea, na shina utakaloliona lina mbegu nzito unalifunga kitambaa, unalivuna peke yake, unapepeta. Zinazodondoka karibu na miguu yako ndizo unazofukia tena mvua zinazofuata. Kuna wakulima kule Nyabusozi, upande wa Biharamulo, walikuwa wanafanya hivyo hivyo, na siku moja wangebadilishana mbegu na sisi.

Kazi ile ilimwingia Joyness mwilini. Wanawake wenzake wakawa wanamtania kisimani, wanamuuliza leo umezika ngapi. Yeye anajibu kwamba amezika wengi, anangoja wafufuke. Padri angemsikia sijui angesema nini.

Shamba letu ni dogo na limejaa migomba, hivyo kipande cha majani aliazimwa na jirani yetu, mzee Idefonsi. Wazazi wa Idefonsi walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapewa ardhi hapa, akazeekea hapa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Joyness chukua kile cha karibu na njia, mimi nguvu zimekwisha. Ilikuwa azima ya mdomo, kama tunavyoazimana majirani. Kila mwaka Joyness alifukia, akachagua, akapepeta, akafukia tena. Ng'ombe alikula mabua, lakini mbegu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mwaka huu mashina yalitoka kama yanasukumwa na mtu chini. Mimi mwenyewe, na macho haya, niliona tofauti. Kijani kilipasua udongo kikiwa kinene kama jino la uma, na mvua kubwa ya Machi ilipokuja kikalala na kesho yake kikainuka. Masuke yalipotoka, Joyness alikuwa ananiletea mbegu nizisugue kati ya vidole.

"Unaisikia, Mama?" ananiuliza. "Si ina kitu?"

Kweli ilikuwa na kitu. Alifunga vitambaa vyekundu kwenye mashina mazuri kuliko mengine, machache tu, akayazunguka asubuhi na jioni. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Za mwaka uliopita alizifukia zote. Yeye kuweka akiba anakuona kama kuchelewa. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa pale, juu ya mashina yale, hewani.

Na majani yale yana ubaya mmoja, hayangoji. Suke linaanza kuiva juu. Za ncha zimeshadondoka, za chini bado zina maziwa. Ukikata mapema unavuna makapi. Ukichelewa unavuna fito. Katikati pana nafasi ndogo kama ile ya kuipua maziwa jikoni kabla hayajamwagika. Mwishoni mwa Mei, Joyness alinoa mundu. Akaniambia kesho hapana, keshokutwa.

Usiku wa kuamkia hiyo keshokutwa, mzee Idefonsi akafariki.

Hapa kwetu mtu akifa jembe linalala mpaka azikwe. Hilo kila mtu anaweza kulivumilia. Lakini shamba la marehemu mwenyewe linakaa zaidi. Hakivunwi kitu juu yake, halilimwi, halikatwi, mpaka tanga lianuliwe. Ukikata kabla, watu wanasema umeanza kurithi wakati mwenye mali bado yuko mlangoni. Na Joyness ndiye aliyekuwa ameazimwa. Wa kwanza kutazamwa angekuwa yeye.

Tulikwenda msibani asubuhi ile ile. Kulikuwa na upepo mkavu, ule wa kuanza kiangazi. Unapita kwenye migomba unachana majani, halafu unanyamaza, halafu unarudi. Kila ulipopita, Joyness aligeuza shingo. Kutoka uani kwa marehemu kipande cha majani unakiona kabisa, kiko chini ya njia, na unaona masuke yanavyoinama yote pamoja. Alitoka nje kama anakwenda chooni. Akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu aliporudi alikuwa na mbegu kwenye nywele, kwa sababu alipita katikati ya mashina ili azisikie zinavyodondoka.

Mwanamke mmoja akamuuliza kwa sauti ya upole kama tumbo linamsumbua. Mwingine akasema labda si tumbo la kuumwa, labda Rogasian alipita hapa kutoka Biharamulo. Wakacheka chinichini, kicheko cha msibani. Joyness hakucheka.

Nilimshika mkono nikamkalisha.

Sasa, nyumba ya msiba inatandikwa majani. Hata walio na saruji na mkeka wanatandika, maana watu wanalala chini, wanakuja wengi. Wa kwao marehemu walishaanza kufika kutoka ng'ambo, Burundi, wakipitia mpakani Kabanga. Na majani hayakuwapo. Kilima tulichozoea kukata majani laini kilikuwa kimechomwa moto na watu tusiowajua, na bondeni ng'ombe walikuwa wamekula mpaka kwenye mizizi. Wasichana walitumwa, wakarudi na vifungu vidogo vya kutandikia kuku. Akimana, dada wa marehemu, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, alisimama mlangoni akauliza wageni wa kaka yake watalalia nini.

Joyness akainuka kabla hajamaliza.

Alisema kwenye kile kipande cha marehemu kuna majani marefu, mazuri. Ya kutandika nyumba ya mwenyewe hayana mwiko. Yeye atakata, asitumwe mtu mwingine, maana anayajua. Akimana alimtazama, akaangalia na sisi wazee. Hakuna aliyepinga. Kweli majani ya kutandika ndiyo peke yake yanayoruhusiwa. Akimana akamshukuru mbele za watu, akasema laiti wasichana wa siku hizi wangekuwa hivi.

Mimi nilimwelewa. Wiston alikuwa amewaambia kwenye kikundi cha wafugaji kwamba masuke yaliyokatwa hayaivii vizuri juani. Yanaivia kivulini, yakiwa yamelazwa pamoja, yana joto, na mbegu nzito zinajiachia zenyewe chini. Joyness alikuwa anataka kuuingiza uwanja wake wa kupuria ndani ya nyumba ya msiba, upepo usiufikie.

Nilimfuata mpaka njiani. Nikamuuliza kama anajua kwamba majani ya msibani hayarudi nyumbani kwa mtu. Siku ya kuanua tanga yanabebwa, yanachomwa njia panda, yote.

"Najua, Mama," akasema, anatembea. "Majani hayarudi. Mbegu si majani."

Alikata kama mtu aliyeitwa na moto. Lakini yale yenye vitambaa aliyakata polepole, anayashika masuke kwa kiganja, anayalaza kwenye kitenge. Akayafunga mzigo wake peke yake. Ndani ya nyumba alitandika mengine sebuleni na chumbani, na ule mzigo akauweka kwenye kona moja ya sebule, mbali na mlango, akaupanga masuke yote ndani, mabua nje. Kisha akakaa juu yake. Miguu yote miwili. Alikaa kama kuku anayeatamia, na mwanamke yeyote akikaribia kona ile, Joyness alisogeza mkoba wake pembeni kumzuia.

Kosa lake lilikuwa hapo. Alihesabu upepo, akahesabu kivuli, akasahau kwamba yeye ni mkamwana wa jirani. Mkamwana hakai msibani. Anachota maji, anamenya ndizi, anakosha sufuria, anapeleka wazee maji ya kunawa. Haikupita muda Akimana akamwona.

"Wewe, mama Irine," akamwambia, "wageni wanakula mikono yao?"

Akainuka. Aliniinamia sikioni akaniomba nikae pale, nisitoke. Mimi ni mzee, hakuna anayenituma. Nikakaa. Majani yalikuwa na joto chini yangu, na harufu ile ya maziwa mabichi.

Jioni tulizika. Tuliporudi kutoka makaburini, Josiane, mke wa marehemu, aliingizwa ndani akalie chini kama inavyotakiwa. Mjane hatoki pale alipowekwa mpaka tanga lianuliwe, isipokuwa kwa haja zake. Akimana alipita na mikono anapapasa majani ya chumba kizima, anatafuta mahali palipo laini, maana wifi yake ana maumivu ya nyonga. Akafika kwangu. Akabonyeza. Akaniambia samahani dada, haya ni mazuri kuliko mengine yote, yana masuke mengi.

Niliinuka. Ungefanyaje? Waliyakumbatia yote wanawake wawili, wakayapeleka ukutani, wakayatandika, Josiane akakalishwa juu. Zilizokuwa zimeshadondoka zilimiminika njiani kama mchanga, nilizisikia, lakini nyingi zilikwenda na majani. Joyness akaingia na beseni la maji. Akaniona nimesimama. Akaona kona tupu. Akamwona Josiane. Maji yalimwagika kidogo kwenye miguu yake na hakuyaona.

Siku zile zilizofuata zilinichosha zaidi ya kifo chenyewe. Joyness akawa ndiye mhudumu wa mjane. Yeye ndiye anayempelekea uji, yeye anamnawisha, yeye anamwekea shuka. Kila anapoinama, mkono mmoja unapita chini ya majani, unapapasa. Akirudi kwangu ananong'ona kwamba zinadondoka, Mama, zipo nyingi, zimelala chini kwenye udongo. Halafu anasema panya. Halafu anasema watazikanyaga. Halafu anauliza tanga litaanuliwa lini, kana kwamba sikumwambia asubuhi. Akimana alimwuliza siku moja kama amepoteza sindano. Josiane alikuwa anamtazama tu, uso umefunikwa nusu na kitenge.

Ikaja na habari ya pili. Emilian, mtoto mkubwa wa marehemu, yule mwenye biashara ndogondogo mpakani Kabanga, alikaa na wazee wa ukoo wakagawana. Kile kipande cha karibu na njia kikamwangukia yeye. Alisema vizuri tu, bila ubaya, kwamba watu wa kulima wameshapatikana, kitafumuliwa mara tu tanga likianuliwa, na mvua zikija anaweka mihogo. Joyness alimwomba angoje. Emilian akamuuliza angoje nini, majani si yameshakatwa? Ni kweli yalikuwa yameshakatwa. Na kuyahamisha mashina kiangazi ni kuyaua tu. Jua la Juni hapa linaua hata kinachomwagiliwa.

Kwa hiyo kilichobaki cha miaka yote ile kilikuwa chini ya Josiane, na kesho yake kilikuwa kinakwenda kuchomwa njia panda.

Jioni hiyo Joyness aliniambia mipango. Angeamka kabla ya wengine, angejitolea kukunja majani ya mjane, angeyakung'uta, angezoa kwenye kanga. Au angemwambia binti yake Irine alie nje ili watu watoke. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia amwombe mwenyewe.

"Nitasemaje?" akaniuliza. "Kwamba nimemkalisha mjane juu ya mbegu zangu?"

Nikamwambia aseme hivyo hivyo.

Asubuhi wanawake waliingia kubeba majani. Josiane alikuwa amesimamishwa, ameshika ukuta. Akimana akainama kushika fungu la kwanza. Joyness alikuwa mlangoni, nikadhani ameshindwa, nikaona midomo inatembea bila sauti. Halafu akapiga magoti palepale, akamwambia Josiane shikamoo mama, na kabla hajaitikiwa akaanza kueleza. Alieleza vibaya. Alianzia kwa Wiston, akarudi kwenye vitambaa, akaruka kwenye upepo. Lakini aliyasema yote, hata ile kwamba hakujitolea kukata kwa sababu ya wageni.

Akimana akaliachia fungu.

"Kwa hiyo kaka yangu amelala kaburini," akasema, "na wewe unapura."

Joyness akasema ndiyo. Mwanamke mmoja nyuma akaguna. Akimana akageuka kwa wanawake akawaambia wabebe, wabebe haraka, na wafagie nyuma yao, kila punje iende motoni, maana hajawahi kusikia jambo kama hili tangu azaliwe. Wakainama. Josiane akanyoosha mkono kuwazuia.

Sauti yake ilikuwa imekauka, maana siku zote zile alikuwa haitumii. Alisema alijua tangu usiku wa kwanza. Majani ya kawaida hayachomi. Haya yalikuwa yanamchoma kwenye nyonga kama amelalia mtama, akatoa punje moja akaitafuna, akaona ina unga ndani. Akajiuliza ni majani gani haya yenye unga. Halafu akamwona huyu anavyoinama inama, akaelewa, akangoja aone kama atasema au ataiba.

"Mume wangu alikuwa anakwenda kuyatazama," akasema. "Jioni. Mimi nilidhani anatazama njia."

Akamwambia wifi yake kwamba majani ni ya msiba, yachukuliwe yachomwe, hilo halina ubishi. Lakini kwanza yakung'utwe hapa hapa ndani. Kitakachobaki chini ni vumbi la nyumba yake, na nyumba yake anafagia yeye. Akimana akasema vumbi la msiba halihami kwenda nyumba nyingine. Josiane akasema sawasawa, halihami.

Joyness akainua kichwa. "Halihami, mama?"

"Halihami. Nitalipanda hapa, nyuma ya jiko. Ukitaka kuliona, njia unaijua."

Niliona uso wa mkamwana wangu ukienda huku na huku, haujui ufurahi au ulie. Mbegu zilikuwa zimepona, na hazikuwa zake tena.

Walikung'uta. Majani yakaenda, moshi tukauona unapanda kule njia panda. Josiane akafagia mwenyewe, kwa shida, ameinama nusu, na hakumruhusu Joyness kushika ufagio. Kulikuwa na majivu, nywele, maganda ya maharage, vipande vya udongo. Alipepeta siku iliyofuata uani, na hapo akamwita. Nilikuwapo. Josiane anapepeta taratibu sana, anarusha, anangoja, anapuliza. Joyness amesimama pembeni, vidole vinapepeta hewani vyenyewe. Vumbi liliruka, makapi yakaelekea migombani, na mbegu nzito zikadondoka karibu na vidole vya miguu vya Josiane, zikalia kwenye ungo aliouweka hapo chini. Zilijaa bakuli la uji, hazikuzidi. Wiston alipokuja na pikipiki akafurahi, akaomba kidogo za kupeleka Nyabusozi. Josiane akamjibu kwamba aje baada ya mvua mbili. Wiston akamtazama Joyness. Joyness akatazama chini.

Emilian akafumua kipande chake. Mashina yakakaukia juani mizizi juu, vile vitambaa vyekundu bado vimefungwa kwenye mengine.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Joyness alikuwa anavuka kwa Josiane kila siku na kisingizio kipya: chumvi, moto, habari za mbuzi. Anauliza bakuli liko wapi, lina ubaridi, lina panya. Josiane anamjibu kila mara kwamba lipo. Usiku namsikia Joyness anageuka kitandani, mbao zinalia. Nikamwambia mbegu zimelala, wewe lala. Akasema zinazeeka, Mama, mbegu za majani zinazeeka haraka.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Septemba. Kesho yake alikuwa nyuma ya jiko la Josiane na jembe kabla ya jogoo. Nilimfuata na fimbo yangu, nikijua hakuna jema. Nikawakuta wamesimama juu ya tuta, bakuli katikati yao.

Joyness alikuwa ameshachimba mstari wa kidole kizima. Josiane alikuwa anaufukia kwa mguu. Alisema mbegu ndogo namna hii unairusha juu, unapitishia tawi, basi, kama ulezi. Joyness akaeleza kuzika. Akaeleza kwamba lazima ziende chini, nyingi zife, ndipo ujue zenye nguvu ni zipi, na ukizilea zote unarudi kwenye vumbi la zamani. Alieleza vizuri safari hii, kwa utaratibu kama Wiston. Josiane akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi mwaka huu nimezika vya kutosha."

Mvua ikaanza tena, nyepesi, inagonga bakuli. Nilidhani Joyness ataondoka. Alikuwa na sababu. Kazi ya miaka yote ile, na mtu anataka kuimwaga juu ya ardhi kwa kuionea huruma. Aliweka jembe chini. Akavunja tawi kwenye ua, akampa.

Josiane akarusha. Joyness akapitishia tawi nyuma yake.

Zikaota karibu zote, majani manene na membamba pamoja, tuta likawa kama kichwa cha mtoto. Joyness anakuja asubuhi anaugulia, anasema membamba yanakula chakula cha manene. Josiane akasema yaache yafike kifundoni. Yalipofika, akaja na kisu. Akasema sasa onyesha, lipi dhaifu. Joyness akaonyesha. Josiane akalikata, akamtupia mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo, mbuzi akalitafuna. Akasema hili halikufa bure. Onyesha jingine.

Hivyo ndivyo wanavyochagua mpaka leo ninapoandika, asubuhi na asubuhi, kwa kasi ya Josiane, ambayo ni kasi ya mtu mwenye nyonga mbovu. Jana niliwapelekea ndizi. Mvua ilikuwa imepiga usiku, mengi yalikuwa yamelala kwenye tope, na wao wamechutama pande mbili za tuta wanangoja waone yapi yatainuka. Mbuzi naye anangoja, kamba imekaza. Joyness alikuwa ameshika kisu, kinacheza mkononi.

"Hilo nalo?" akauliza, ananyoosha kidole.

"Hilo bado," akasema Josiane. "Lipe mpaka jua litoke."